Programu ya Zamani Inafungwa Ghafla: Jinsi ya Kujua Kama Ni DEP Inayoizuia

Malalamiko huja karibu kila mara kwa maneno yale yale. Programu ya stoo au ya mahesabu, iliyofanya kazi miaka kumi na mitano bila kusumbua mtu, inahamishiwa kwenye kompyuta mpya. Inabofywa, dirisha linachungulia kwa sekunde moja, kisha linatoweka. Mwenye kompyuta anaulizia, anaambiwa "zima DEP", anaizima, na tatizo linabaki pale pale au linazaa jingine. Mwongozo huu unafuata dalili hizo moja baada ya nyingine, ukianza na sababu zinazoonekana mara nyingi zaidi. Majina ya vitufe na madirisha nimeyaacha kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo yanavyosomeka kwenye kompyuta nyingi za Windows tunazoletewa.

DEP ni nini, na inamgusa nani

DEP (Data Execution Prevention) ni kinga ya Windows inayozuia sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kwa ajili ya data isitumike kuendeshea maagizo. Ilikuja na Windows XP Service Pack 2 mwezi Agosti 2004, mwaka mmoja baada ya kirusi cha Blaster kuenea kwa kutumia kosa la kufurika kwa kumbukumbu, yaani kujaza data kupita kiasi hadi maagizo ya mshambuliaji yakapata mahali pa kukaa na kuendeshwa. Ukitaka picha yake, fikiria nyumba yenye jiko na ghala: moto unawashwa jikoni tu, na DEP ni yule mlinzi anayemkamata yeyote anayewasha kiberiti ghalani, hata kama alitaka kuchemsha chai. Mlinzi huyo anasaidiwa na kichakataji chenyewe, ambacho huweka alama ya katazo kwenye kurasa za kumbukumbu. AMD waliiita alama hiyo NX, Intel wakaiita XD.

Programu za zamani zinazokamatwa kwa kawaida hazina nia mbaya. Nyingine zilifungashwa kwa kinga ya kuzuia kunakiliwa, ambayo hujifungua yenyewe ndani ya kumbukumbu kila programu inapoanza. Nyingine zilijengwa kwa matoleo ya awali ya maktaba ya ATL ya Microsoft, ambayo yalikuwa yakitunga vipande vidogo vya maagizo papo kwa papo katika eneo la data. Wakati zinaandikwa, hakuna aliyekuwa amekataza.

Sasa lipo jambo ambalo wengi huliruka, nalo ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata. DEP ina hali nne. OptIn hulinda programu za Windows yenyewe pamoja na zile ambazo watengenezaji wake wametia alama kwamba zinakubaliana na kinga hiyo. Hii ndiyo hali ya kawaida kwenye kompyuta za mezani na za mapajani. OptOut hulinda programu zote isipokuwa zilizosamehewa, na ndiyo hali ya kawaida kwenye Windows Server. AlwaysOn haina msamaha kwa yeyote, na AlwaysOff imezima kinga. Programu za biti 64 ziko nje ya hesabu hii, kwa kuwa zenyewe hulindwa na hazisamehewi. Maana yake ni kwamba programu ya biti 32 ya mwaka 2003, isiyo na alama yoyote, ikiwekwa kwenye kompyuta ya kawaida ambayo haijachezewa, DEP haiishughulikii kabisa. Ikianguka hapo, tafuta mkosaji mwingine kwanza. Kwa uzoefu wangu, kinga hii husingiziwa mara nyingi kuliko inavyokosa.

Vipimo viwili kabla ya kugusa mpangilio wowote

Kipimo cha kwanza ni kujua hali iliyopo. Fungua PowerShell, yaani dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike:

Get-CimInstance Win32_OperatingSystem | Select-Object DataExecutionPrevention_SupportPolicy

Jibu litakuwa tarakimu moja. Sifuri ni AlwaysOff, 1 ni AlwaysOn, 2 ni OptIn na 3 ni OptOut. Iandike tarakimu hiyo kwenye karatasi, kwa sababu ndiyo utakayotaka kuirudia mambo yakiharibika.

Kipimo cha pili ni kusoma ripoti ya kuanguka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, na subiri kalenda ya matukio ijichore. Tafuta alama nyekundu ya siku na saa ambayo programu ilifungwa, kisha uifungue. Ukikuta "Problem Event Name" ni BEX, "Exception Code" ni c0000005 na "Exception Data" ni 00000008, umemshika mhusika: programu ilijaribu kuendesha maagizo kutoka mahali palipokatazwa. Mara nyingi jina la moduli hapo litasomeka StackHash likifuatiwa na herufi na tarakimu, kwa kuwa maagizo yale hayakuwa ndani ya faili lolote linalojulikana. Ukikuta APPCRASH badala ya BEX, hilo ni anguko la aina nyingine, hata kama namba ni ile ile c0000005. Na ukikuta BEX yenye c0000409, ni programu yenyewe iliyogundua kwamba rafu yake ya kumbukumbu imeharibika na ikajifunga. Kuisamehe programu kwenye DEP hakutasaidia.

Ikiwa programu huishi japo nusu dakika kabla ya kufa, kipo kipimo chepesi zaidi. Fungua Task Manager, nenda "Details", bofya kwa kitufe cha kulia kwenye kichwa cha safu yoyote, chagua "Select columns" na utie alama "Data Execution Prevention". Kila programu itaonekana imeandikwa Enabled au Disabled. Programu yako ikiwa imeandikwa Disabled, acha kusoma habari za DEP na uende kwenye sababu nyingine.

Dalili: programu inafunguka na kutoweka papo hapo

Sababu inayoongoza ni kukosekana kwa kitu ambacho programu inakitegemea. Programu nyingi za miaka ile zinahitaji .NET Framework 3.5, ambayo Windows za sasa hazina hadi uiwashe mwenyewe kupitia "Turn Windows features on or off". Nyingine zinahitaji vifurushi vya Visual C++ vya wakati wake, na zile zilizoandikwa kwa Visual Basic 6 hulilia mafaili kama MSCOMCTL.OCX. Sababu ya pili ni programu kutaka kuandika ndani ya folda yake iliyo chini ya Program Files, jambo ambalo Windows XP iliruhusu kwa sababu karibu kila mtu alikuwa msimamizi. Jaribu kuiendesha mara moja kwa "Run as administrator": ikifunguka, tatizo ni ruhusa za folda, na dawa yake ni kuisakinisha upya nje ya Program Files, kwa mfano C:\Stoo.

Sababu ya tatu ni programu ya kuzuia virusi kuondoa faili mojawapo kimya kimya. Fungua "Windows Security", kisha "Protection history", uone kama kuna kilichowekwa karantini saa ile ile. Usikirudishe kwa haraka. Programu za zamani zilizofungashwa kwa kinga ya kunakiliwa hufanana mno na virusi, lakini virusi navyo hufanana na programu hizo, na nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi zimeshachezewa. Kama huna diski ya asili au faili kutoka kwa mtengenezaji, chukulia kwamba karantini ina haki.

DEP inakuja ya nne hapa, na inastahili kushukiwa pale tu kipimo cha kwanza kilipotoa 1 au 3, au ripoti ilipoonyesha BEX yenye 00000008.

Kuhusu ujumbe wa "This app can't run on your PC", mara nyingi una maana kwamba programu, au angalau kisakinishi chake, ni ya biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za namna hiyo. "Windows protected your PC" ni kazi ya SmartScreen, kinga ya Windows inayotilia shaka programu zisizojulikana. Jumbe hizi mbili hazitoki kwa DEP.

Dalili: umeweka msamaha, na sasa ni programu nyingine inayokufa

Hili nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba nalitengea sehemu yake. Niliwahi kuitwa kwenye duka la vipuri vya magari ambako programu ya stoo ilikuwa inaanguka. Kijana wa pale alikuwa ameshafuata maelekezo aliyopewa: alifungua dirisha la DEP (njia ya kulifikia ipo mbele), akachagua mstari wa pili, akaongeza programu ya stoo kwenye orodha, akaiwasha kompyuta upya. Programu ya stoo iliendelea kuanguka kama kawaida, na kesho yake programu ya kuchapisha lebo za bei, ambayo haikuwahi kuwa na shida, nayo ikaanza kufa. Kijana aliapa kwamba hajaigusa, na kwa kweli hakuigusa.

Kilichotokea ni hiki. Mstari wa kwanza wa dirisha lile, "Turn on DEP for essential Windows programs and services only", ni OptIn. Mstari wa pili, "Turn on DEP for all programs and services except those I select", ni OptOut. Orodha ya msamaha haifunguki hadi uchague mstari wa pili, na kwa kuuchagua unaiwasha kinga juu ya kila programu ya biti 32 iliyokuwa inaishi kwa amani. Ni sawa na kumwita mlinzi akamsamehe mtu mmoja, kumbe kabla ya hapo hapakuwa na mlinzi getini. Tulirudisha mstari wa kwanza, tukawasha upya, lebo zikachapika. Ya stoo ilikuwa inakosa faili la OCX tu.

Kwa hiyo, kama kipimo cha kwanza kilitoa 2, usiende kwenye orodha ya msamaha. Na kama mtu ameshakwenda, mrudishe.

Dalili: ni DEP kweli, na programu inahitajika

Ukishathibitisha, tafuta kwanza toleo jipya la programu kwa mtengenezaji. Mara nyingi marekebisho yalitolewa miaka mingi iliyopita na hakuna aliyeyafuatilia. Likikosekana, chukua nakala ya hifadhidata ya programu na kuiweka nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu programu inayokufa katikati ya kuandika inaweza kuharibu kumbukumbu za mauzo, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya programu yenyewe.

Kisha bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", "Settings" iliyo chini ya "Performance", na kichupo cha "Data Execution Prevention". Bofya "Add" na uchague faili la .exe la programu husika, hilo moja tu. Kwenye Windows 10 na 11 ipo pia njia ya "Exploit protection" ndani ya "Windows Security", chini ya "App & browser control": katika "Program settings" ongeza programu kwa "Choose exact file path", tafuta DEP, tia alama "Override system settings" na uizime. Hapo utaona pia chaguo la "Enable thunk emulation". Lijaribu kabla ya kuzima kinga yote kwa programu hiyo, maana liliwekwa kwa ajili ya zile maktaba za ATL nilizozitaja.

Ipo amri inayozima DEP kwa kompyuta nzima, nayo inapendekezwa hovyo. Siiandiki hapa. Sijapata kuona duka au ofisi iliyoihitaji, na kompyuta inayofungua barua pepe na viambatisho vya wateja haifai kuachwa ghala wazi kwa ajili ya programu moja.

Dalili: msamaha unakataliwa

Ukipata ujumbe kwamba programu lazima iendeshwe ikiwa na DEP, sababu ya kawaida ni kuwa ni ya biti 64 au mtengenezaji wake ameitia alama ya kukubali kinga. Mara nyingi pia faili uliloligusa si lenyewe, bali ni sehemu ya Windows. Ikiwa dirisha zima limefifia na halikubali kubofywa, hali ni AlwaysOn au AlwaysOff, au kompyuta inasimamiwa na mwajiri. Ikiwa inasimamiwa na ofisi, simama hapo na uwasiliane na idara ya TEHAMA; katazo hilo mtu aliliweka akijua, na kulizunguka kunaweza kukuletea matatizo yasiyohusiana na kompyuta.

Dalili: msamaha upo, programu bado inaanguka vile vile

Angalia kwanza kama ulisamehe faili sahihi. Ikoni iliyo kwenye deski mara nyingi huita kizinduzi kidogo, nacho ndicho huita programu kuu yenye jina jingine. Soma jina halisi kwenye ripoti ya kuanguka, katika mstari wa "Application Name". Pili, msamaha unafuata njia ya folda. Ukihamisha programu kutoka C:\Stoo kwenda D:\Stoo, msamaha unabaki kule ilikotoka. Tatu, hali ikiwa AlwaysOn, orodha haizingatiwi. Nne, inawezekana mkosaji ni kinga nyingine ndani ya "Exploit protection", hasa ile ya kulazimisha programu zipakiwe kwenye anwani za kubahatisha, ambayo kwa kawaida imezimwa lakini watu huiwasha wakidhani wanaimarisha usalama.

Dalili: programu inayofungwa si ya zamani, au inafungwa kwa faili moja tu

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko kote. Kisoma-PDF au programu ya kuandikia iliyokuwa nzima jana, ikifungwa na BEX kila unapofungua kiambatisho fulani lakini inafungua mafaili mengine vizuri, huenda kinga imefanya kazi iliyotengenezewa. Usiisamehe programu hiyo, na usijaribu kiambatisho kile kwenye kompyuta nyingine "ili kuona". Chomoa intaneti, fanya uchunguzi wa "Microsoft Defender Offline scan", na ukishaunganisha tena sasisha programu husika. Ikiwa kompyuta hiyo inatumika kwa benki, mishahara au taarifa za wagonjwa, mwite mtaalamu wa usalama kabla ya kuirudisha kwenye mtandao.

Dalili: inafanya kazi kwenye kompyuta zote, inakufa kwenye seva

Sababu ni moja karibu kila mara: Windows Server huanza na OptOut. Msamaha wa faili moja unatosha. Seva inayohudumia ofisi nzima usiijaribie saa za kazi.

Dalili: skrini ya bluu yenye ATTEMPTED_EXECUTE_OF_NOEXECUTE_MEMORY

Huu ni uvunjaji wa katazo lile lile, ila umefanywa ndani ya kiini cha Windows, ambako msamaha haupo. Anayeshukiwa kwanza ni draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa: ya printa ya zamani, ya kifaa cha USB kinachofungua leseni ya programu, au ya kadi ya skrini. Kumbuka ni kifaa gani kiliongezwa mwisho, kichomoe, sasisha au ondoa draiva yake ukiwa kwenye Safe Mode. Sababu ya pili ni vipande vya RAM vilivyochoka, andika mdsched.exe na uache kipimo kimalize usiku. Skrini hiyo ikirudi baada ya hapo, mpelekee fundi pamoja na mafaili yaliyo kwenye C:\Windows\Minidump, kwa sababu bila hayo naye atakuwa anabahatisha.

Jamaa wa karibu wa tatizo hili ni "Memory integrity" iliyo chini ya "Core isolation". Yenyewe hukataa draiva za zamani zisipakiwe kabisa, kisha hukuonyesha orodha ya zisizokubalika. Tafuta draiva mpya kabla ya kufikiria kuizima.

Dalili: kompyuta haiwaki tena baada ya kubadilisha DEP

Waliotumia amri ya bcdedit kwenye kompyuta yenye BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo, hukutana na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48, kwa kuwa mabadiliko katika mpangilio wa uwashaji huonekana kama jaribio la kuingilia. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, au kwa idara ya TEHAMA ya ofisi. Usiumbe diski upya kabla ya kuutafuta, kwa maana bila ufunguo data haipatikani, na fundi anayeahidi kuitoa bila ufunguo anakudanganya.

Waliozima NX ndani ya BIOS, yaani mpangilio wa mashine unaofunguliwa kabla Windows haijawaka, wana shida tofauti: tangu Windows 8, mfumo unaidai alama hiyo na unakataa kuwaka bila hiyo. Ingia BIOS, tafuta "Execute Disable Bit", "XD" au "NX Mode" kulingana na mtengenezaji, uirudishe kuwa Enabled, hifadhi na uwashe upya. Ikiwa BIOS imefungwa kwa nywila usiyoijua, hapo ni kazi ya fundi mwenye risiti ya mashine mkononi.

Baada ya yote, kagua misamaha iliyosahaulika. Fungua regedit, kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows, na uende HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\AppCompatFlags\Layers. Kila njia ya faili iliyoandikwa DisableNXShowUI ni programu iliyosamehewa kupitia kile kichupo. Soma tu bila kubadilisha, kisha urudi kwenye kichupo chenyewe uondoe kwa "Remove" zile ambazo hakuna anayezitumia tena. Kwenye kompyuta ya duka lile la vipuri nilikuta sita, na nne kati ya hizo zilielekeza kwenye folda zilizokwisha kufutwa.